Mastaa wetu, mnatuuzia meno bila kutaja levo

Wadau, leo povu ni langu. Kuna staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, jina kapuni, wiki hii kaposti tabasamu jipya. Ule mwanya wake tuliouzoea haupo tena. Chini ya picha kaandika katumia zile plastiki angavu za kunyooshea meno, miezi mitatu tu, bei ya kawaida, halafu kamalizia na namba ya punguzo. Komenti zikafurika: bei gani dada, kliniki wapi, nami nataka. Nikawa nafungua kurasa za waliokuwa wanauliza, mmoja mmoja. Wengine meno yao yamebanana kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili jioni, na wanaulizia bei ya kuziba mwanya!

Hapo ndipo ninapogombana na nyie mastaa.

Hizi plastiki zinauzwa kwa levo. Tuchukue Invisalign, maana hilo jina kila mtu analitaja hata akiwa kavaa ya kampuni nyingine. Ni ya Align Technology ya Marekani, iliyoanzishwa 1997. Levo yao fupi ni Express, seti 7 au 10 za plastiki. Inafuata Lite, mwisho seti 14. Halafu kuna Comprehensive, hiyo hawakubani idadi, unapewa kadiri mdomo wako unavyodai. Kampuni inamtoza daktari ada kulingana na levo, na daktari naye anaweka juu yake kazi yake, picha za eksirei na gharama za kuendesha kliniki. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kutoka kliniki ileile, siku ileile, wamelipa pesa tofauti kabisa na hakuna aliyepigwa.

Sasa piga hesabu na mimi. Plastiki moja inasogeza jino kama robo milimita. Seti 7 hazifiki hata milimita 2. Seti 14 ni milimita 3 na nusu, tena hapo umevaa saa 20 hadi 22 kwa siku, unazivua kula, kunywa chai na kupiga mswaki basi. (Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva naye anazitangaza, na kila nikimwona laivu anakula. Kaka, unazivaa saa ngapi?) Mwanya mdogo wa mbele unaweza kumalizika ndani ya hizo milimita. Jino lililojikunja, au chonge lililoota juu ya mwenzake, halimaliziki hapo hata ukiliombea.

Kwa hiyo levo siyo kifurushi cha intaneti, kwamba nina elfu tano nachukua cha wiki, nikipata pesa nachukua cha mwezi. Meno yako ndiyo yanachagua. Pochi yako kazi yake ni kukubali au kukataa. Ukilazimisha levo ndogo kwa sababu ndiyo unayoimudu, umenunua nusu ya safari.

Dada mmoja wa Tabata kaniandikia inboksi baada ya kuona nimegusia hii ishu. Kachukua pesa ya kikoba, kalipia levo fupi, seti zimeisha na meno ya chini bado yamepandana. Kliniki, ambayo siitaji, inamwambia aongeze pesa apande levo. Kikoba kinamdai kila Jumamosi. Alivyoniambia kilichompeleka pale nilishika kichwa: posti ya staa. Hakuuliza hata seti ngapi.

Na msidhani ni ushamba wetu wa Bongo. Huko Marekani kulikuwa na kampuni inaitwa SmileDirectClub, ilianza 2014, ikafika mpaka soko la hisa 2019. Unatumiwa vifaa nyumbani, unajichukulia mwenyewe ukungu wa meno, unaletewa plastiki kwa posta, na bei ilikuwa rahisi kuliko ya daktari. Septemba 2023 wakatangaza kufilisika, Desemba mwaka huohuo wakafunga. Watu walikuwa katikati ya matibabu, ile dhamana ya maisha waliyoahidiwa ikafutwa, na waliokuwa wanalipa kidogo kidogo wakaambiwa waendelee kulipa mpaka deni liishe. Deni limebaki, huduma imekufa! Yaani hata kausha damu wa mtaani angeona aibu kidogo.

Ukitajiwa bei, usishangilie kwanza. Uliza ndani yake kuna nini. Picha na skani zimo? Vile vidoti vya rangi ya jino wanavyogandisha ili plastiki ishike, vimo? Seti zikiisha na meno hayajakaa, nyongeza ni bure au nalipa upya, na ni mara ngapi? Nikipoteza moja je? Na meno yaliyotoboka, ugaga, fizi zinazotoa damu, hivyo vinatibiwa kabla, kwa bili yake. Ukiona mtu anakutajia bei kwenye simu hajakuona hata jino moja, huyo anauza vitumbua.

Halafu hili mastaa hawalisemi kabisa: ukimaliza, hujamaliza. Kuna plastiki ya kulinda, unalala nayo usiku, miaka na miaka, na ikichakaa unanunua nyingine. Mwanya hasa ni katika vitu vinavyopenda kurudi. Dada yetu akiiacha, tutauona tena ule mwanya, na binafsi sitalia, ulikuwa unampendeza.

Kwa wadau wa Arusha na Moshi wenye meno ya kahawia ya maji ya floraidi, hizi plastiki zinapanga, hazing'arishi. Msije mkadai pesa irudi.

Na kwa nini waya zinadharauliwa? Meno yaliyopinda sana au yanayohitaji kung'olewa nafasi, mara nyingi waya zinafanya kazi vizuri zaidi na kwa pesa pungufu. Daktari akikwambia waya, hajakutukana.

Dada staa, tabasamu limekaa poa, hongera. Ila posti ijayo weka levo, weka idadi ya seti, na useme kama ulilipa au ulipewa bure ili utangaze. Mashabiki zake karibuni, povu ruksa. Na wewe uliyewahi kuzivaa, andika hapo chini ulilipa ngapi na levo gani, vyote viwili.