Nani Muflisi? Deni la Mkulima wa Kyela Mbele ya Mahakama na Mbele ya Sharia

Sisi wa Visiwani tunaijua Kyela kwa mchele wake. Lakini wakulima wengi wa wilaya hiyo, iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, hutegemea pia kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Aliyekopa bei ikiwa juu, kwa tamaa ya kulipa baada ya mavuno, huweza kujikuta anadaiwa na mkononi hana kitu. Je, huyo amefilisika? Swali hili linamhusu mkulima wa Ipinda na mvuvi wa Matema, na linamhusu pia mwenye duka Darajani.

Sheria ya Ufilisi ya Tanzania Bara, Sura ya 25, haimwiti mtu muflisi kwa kukosa fedha tu. Inatazama kwanza vitendo vyake: kutamka mahakamani kwamba hawezi kulipa, kuwaarifu wadai kuwa amesimamisha malipo, kuhamisha mali kwa hila, kuwakimbia wadai, au kupuuza ilani ya ufilisi baada ya hukumu ya deni. Kisha Mahakama Kuu ndiyo huamua. Mkopeshaji hana mamlaka hayo, wala mdaiwa mwenyewe hana.

Jambo hili ni zito, kwani wapo watoaji wa mikopo ya "kausha damu" wanaoingia majumbani na kubeba magodoro bila hukumu yoyote. Hata penye hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inazuia kukamatwa nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, zana za kilimo na nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake. Nyumba iliyowekwa rehani ina hukumu yake nyingine. Kifungo cha madai kipo, lakini mahakama ikiona mdaiwa ni fukara kweli, inaweza kukataa kumfunga.

Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wao hutazama hesabu. Muflisi ni yule ambaye madeni yake yaliyofika muda yanazidi mali yake. Wadai wakiomba, kadhi humwekea hajr, yaani humzuia kuitumia mali hiyo, kisha huiuza na kuwagawia kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Kwa hiyo mwenye shamba la kakao linalozidi deni si muflisi, hata kama mfukoni hana shilingi. Ni wajibu wake kulipa, na mwenye uwezo akichelewesha, Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji huo dhulma.

Ama asiye na kitu kabisa, huyo ni mwenye dhiki. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 280, inaamrisha apewe muda mpaka apate wepesi, na inaonesha kuwa kumsamehe ni bora zaidi. Ila aliyechukua mkopo akadai hana, hutakiwa alete mashahidi wanaoijua hali yake ya ndani. Na aya iliyotangulia inaweka wazi kuwa haki ya mkopeshaji ni rasilimali yake, si riba.

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na maafa, madeni yakamwelemea. Mtume (s.a.w.) akawataka watu wamsaidie kwa sadaka. Kilichopatikana hakikutosha, akawaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho.

Kwetu Visiwani, Mahakama ya Kadhi hushughulikia ndoa, talaka na mirathi. Madeni ya biashara huenda mahakama za kawaida. Hivyo tunazinasihi familia ziandike deni kama tulivyoamrishwa, zihesabu mali kwa ukweli kabla ya kusema "sina", na zisikubali kubebewa vyombo bila amri ya mahakama. Wenye zaka nao wakumbuke kuwa wadaiwa waliolemewa wametajwa miongoni mwa wanaostahiki, katika Suratut Tawba aya ya 60.

Wallahu a'lam.