Cherehani haihesabu vitundu

Mama mmoja wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi ameniandikia akiwa na swali ambalo bila shaka linawahusu wengi wenu. Marehemu mamake alimwachia mita nne za kile kitambaa cheupe chenye vitundu, ambacho madukani huitwa aida, na ambacho akina mama wetu walikitumia kutengenezea vitambaa vya makochi kwa mshono wa msalaba. Binti ya mama huyu anatarajia kuolewa mwezi wa Desemba, naye angependa aende kwake na kitu kilichotoka katika sanduku la nyanyake.

Kwa kuwa kazi ya ofisi haimpi nafasi ya kushona kwa mkono, alimpelekea mita moja fundi mwenye mashine ya kutarizi ya kompyuta, mmoja wa wale wanaotia beji kwenye sweta za shule. Kitambaa kilirudi kimejikunja, misalaba imekaa upande, na alama ya fremu haitoki. Anauliza: ajaribu tena na zile mita tatu zilizobaki, au aache kabisa?

Jibu langu ni kwamba ajaribu, lakini asiitake mashine ifanye kazi ya mkono. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa.

Hebu tukitazame kitambaa chenyewe. Aida hufumwa kwa nyuzi zilizofungwa mafungu mafungu, ndiyo sababu ina vijiraba vidogo na kitundu katika kila pembe. Nambari yake huonyesha idadi ya vijiraba katika inchi moja. Aida ya 11 ina vijiraba vikubwa vya kufaa wanafunzi, ya 14 ndiyo hutumiwa zaidi, na ya 18 inataka macho makali. Ua lenye vijiraba 70 kwa 70 litakuwa na upana wa inchi 5 juu ya aida ya 14, lakini juu ya ile ya 18 halifiki hata inchi 4. Likijazwa lote, ua hilo ni misalaba 4,900, na kila msalaba ni mishono miwili. Ndipo utaelewa kwa nini nyanya zetu walitumia miezi mizima kwa kochi moja!

Misalaba hukosana wapi?

Anayeshona kwa mkono hutumia sindano butu, na sindano hiyo huingia kitunduni yenyewe. Mkono huhesabu. Mashine haijui kwamba kuna vitundu. Inadunga pale ilipoagizwa na mchoro uliomo ndani yake, basi.

Piga hesabu kidogo. Kijiraba kimoja cha aida ya 14 kina upana wa milimita 1.8 hivi. Tuseme mchoro wa fundi una misalaba ya milimita 2. Tofauti hiyo ni ndogo sana, lakini ukifika msalaba wa kumi, mashine imekwisha kupotoka kwa karibu kijiraba kizima! Hata fundi akipunguza mchoro hadi 1.8, kitambaa kilichovutwa ndani ya fremu hakibaki na kipimo chake. Kwa hivyo misalaba mingine itaangukia vitunduni na mingine katikati ya nyuzi, na jicho la mgeni litaliona kosa hilo tangu mlangoni.

Jambo la kushangaza ni kwamba misalaba ya mashine hupendeza zaidi juu ya kitambaa cha kawaida cha pamba kisicho na vitundu, kwani hapo hapana kitu cha kuifichua. Basi lishike hili: misalaba ya mashine iende kwenye kitambaa kisicho na vitundu, na misalaba ya mkono ibaki kwenye aida. Ukitaka mashine ifanye kazi juu ya aida, ipe maua yaliyojazwa uzi, majani, pindo nene au herufi kubwa. Herufi nyembamba zitazama vitunduni na kupotea.

Mwambie fundi haya

Kwanza, osha kitambaa kwa maji ya vuguvugu kabla ya kukipeleka, ukianike na kukipiga pasi. Aida mpya huwa na wanga, nayo ni pamba. Ikioshwa baada ya kutariziwa inaweza kurudi, lakini uzi wa mashine haurudi nayo. Hiyo ni sababu moja ya mikunjo.

Pili, kitambaa kisibanwe katika fremu. Fundi abane karatasi ya kukazia peke yake, kisha alaze aida juu yake na kuishikiza kwa mshono mrefu wa kuzunguka. Hapo hapatakuwa na alama ya fremu. Afuate mistari ya vitundu ili kitambaa kikae sawa, kwa maana aida iliyolazwa mshazari haifichiki.

Tatu, juu ya kitambaa aweke ile nailoni nyembamba inayoyeyuka majini. Kazi yake ni kuuzuia uzi usizame vitunduni. Mara kazi ikiisha, iloweke itoke yote. Usiipige pasi ikiwa bado haijatoka.

Nne, atumie sindano ya mashine nambari 11 iliyo kali, si ile ya 16 ya kushonea jinzi. Uzi uwe wa poliesta wa kutarizia. Rayoni inang'aa vizuri, lakini poliesta huvumilia zaidi dawa ya kung'arisha nguo, nasi tunajua vitambaa vya makochi hufuliwa mara ngapi katika nyumba yenye watoto.

Tano, na hili ndilo kubwa: kabla ya kugusa kitambaa kizuri, ajaribu ua moja kwenye kipande. Mafundi wengi hulipisha kwa idadi ya mishono, hivyo ua moja dogo halitakufilisi. Fundi akikataa kujaribu, chukua kitambaa chako uende kwa mwingine.

Wenye cherehani ya miguu

Wanafunzi na vijana msio na pesa za mashine ya kompyuta, msikate tamaa. Ile cherehani nyeusi ya nyumbani yaweza kutarizi. Shusha meno yanayosukuma kitambaa, au uyafunike kwa kibati chake. Toa mguu unaoshika kitambaa, kisha utie kitambaa katika fremu ya duara kwa kuigeuza, ili nguo ilale juu ya meza ya cherehani. Safari hii hapana budi kukibana, basi itoe fremu kila unapopumzika. Legeza uzi wa juu kidogo, na uvute uzi wa chini utokeze juu kabla ya kuanza.

Usisahau kuteremsha wenzo wa mguu ingawa mguu wenyewe haupo. Ukiusahau, uzi utajikusanya chini kama kiota cha ndege. Kanyaga kwa mwendo sawa huku mikono ikisogeza fremu polepole. Anzia kwenye kipande cha pamba, na mkono ukishazoea ndipo uende kwenye aida.

Usiuze cha mashine kama cha mkono

Wako wanaotaka kufanya biashara ya vitambaa hivi, na ni jambo zuri. Ila nawasihi mumwambie mnunuzi ukweli. Kule pwani, kofia iliyotariziwa kwa mkono huchukua majuma mengi na haiwezi kulingana bei na ya cherehani. Mnunuzi mjuzi huigeuza na kuitazama ndani. Hata kitambaa cha kochi hujulikana kwa mgongo wake: cha mashine kina uzi wa chini, aghalabu mweupe, uliotapakaa mahali pote, ilhali cha mkono huonyesha rangi zile zile za mbele na ncha za uzi zilizofichwa chini ya mishono. Mteja uliyemdanganya mara moja hatarudi, na atawaambia majirani.

Sasa nikurudie wewe mama wa Umoja. Mita mbili zitie maua ya kujazwa kwa mashine, ukifuata masharti hayo matano, nazo zitatosha kwa vitambaa kadhaa vya makochi. Ile mita ya mwisho usimpe fundi. Kata kipande kidogo, utafute sindano butu, ukae na binti yako jioni mbili tatu kila juma, mshone jina la nyanyake kwa misalaba, kijiraba kwa kijiraba. Herufi chache hazihitaji miezi. Maua ya mashine yatapamba sebule yake mpya, na kile kipande kidogo atakiweka mahali pasipoguswa na kila mtu.