Kodi Juu ya Ulimi wa Raia

Tarehe 1 Julai 2018 Serikali ya Uganda ilianza kumtoza kila atumiaye Facebook, WhatsApp na Twitter shilingi 200 kwa siku, kwa hoja kwamba mitandao hiyo imekuwa makao ya umbea, na kwamba ni haki hazina ya dola ipate fungu lake. Wenye maarifa wakatumia programu za VPN kuikwepa kodi, mafukara wengi wakaiacha intaneti, hata Julai 2021 dola yenyewe ikaifuta kodi hiyo, ikaweka badala yake ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Na Januari ya mwaka huo, katika mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wakati ambao raia alihitaji habari sahihi kuliko wakati wowote.

Sikatai kuwa mitandao ina madhara, kwani uzushi na fitina husafiri humo kwa kasi, na neno moja la chuki laweza kuwagombanisha majirani waliokaa kwa amani dahari. Lakini mlango ukifungwa, mwongo hubaki na uongo wake mitaani, ilhali mwenye kujua ukweli hunyimwa njia ya kumsuta.

Tazama Kenya mwaka 2024. Vijana waliodhaniwa kuwa hawajali ila anasa walichukua Muswada wa Fedha, waraka mzito wa Kiingereza cha kisheria, wakaufafanua katika TikTok na X kwa Kiswahili na kwa lugha za makabila yao, hata muuza mboga akafahamu kodi gani ingemgusa. Tarehe 25 Juni, katika maandamano ya kuupinga muswada huo, damu ilimwagika Nairobi, msiba usiosameheka. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kuwa hatautia saini muswada ule. Lugha zetu, ambazo aghalabu husahauliwa sheria zitungwapo, zilithibitika kuwa zaweza kubeba mjadala wa dola.

Kwa hiyo nazisihi serikali zetu ziache kuutoza ushuru ulimi wa raia, zichapishe kila muswada kwa lugha aifahamuyo mwananchi kabla haujajadiliwa, zijibu uzushi upesi kwa ushahidi, na ziwafunze watoto shuleni kuipima habari kabla ya kuisambaza. Dola itendayo hayo haitakuwa na haja ya kuogopa simu iliyo mkononi mwa raia wake.