Jua Halikukatika

Kila nikitaja umeme wa jua pale barazani, jibu ni lile lile: "Huo wa kuchajia simu. Umeme hasa ni wa bara." Siku hizi wameongeza na hoja ya pili. Bwawa la Mwalimu Nyerere limekamilika, megawati 2,115, sasa sisi wa Unguja na Pemba tuhangaikie vioo vya jua vya nini? Wanaosema hivyo ni watu wazima wenye akili zao, na baadhi yao wana nafasi za kuamua. Mimi naiona imani hii kuwa ni hatari kwa visiwa vyetu, na gharama yake tumeshailipa.

Umeme wa bara unatufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Unguja iliupata mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni huko bara hadi Ras Fumba kisiwani, megawati 45. Pemba iliachwa na majenereta ya dizeli ya Wesha mpaka 2010, ndipo ikaletewa waya wake kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Tarehe 21 Mei 2008 umeme wa Unguja ukakatika, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Ukarudi, tukasahau. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu kisiwa kizima.

Hoteli ziliwasha majenereta yao, ngurumo usiku kucha. Sisi wa mitaa ya Ng'ambo tulirudi kwenye kandili na mafuta ya taa. Lakini kilichotuumiza hasa hakikuwa giza. Yalikuwa maji. Maji ya Unguja yanatoka chini ya ardhi na kuvutwa kwa pampu za umeme, na siku zile pampu zilinyamaza. Kwenye kisima cha mtaa wetu foleni ya ndoo na madumu ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Saa sita mchana bado ilikuwapo, akina mama wamejitanda kanga vichwani kwa ukali wa jua.

Kwa ukali wa jua! Miezi ile ilikuwa miezi ya kaskazi. Vuli imekwisha, masika bado, mbingu nyeupe, dagaa ukiwaanika asubuhi jioni umewaanua wakavu. Tulikosa umeme katika msimu ambao jua letu huwaka kuliko wakati wowote wa mwaka. Halafu mtu ananiambia jua ndilo lisilotegemeka.

Najua dharau hii imetoka wapi, kwa sababu nami niliwahi kuwa nayo. Niliuziwa paneli na betri, miezi minane tu taa zikaanza kufifia kabla ya isha. Fundi akaja, akaigeuza betri, akanionesha maandishi ubavuni: betri ya gari. Betri ya namna hiyo imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ukiikamua kila usiku hadi tone la mwisho inakufa. Watu wengi visiwani wameuziwa kitu hicho hicho, na wote wakalilaumu jua.

Haya, na usiku je? Swali hili ni la haki, na visiwa vingine vimeshalijibu. Katika El Hierro, kisiwa kidogo cha Hispania, upepo ukizidi wanautumia kupandisha maji hadi kwenye shimo la volkano iliyozimika, na upepo ukipungua wanayateremsha yazungushe mitambo. Mwaka 2019 kiliishi siku 24 mfululizo bila dizeli. Mitambo ya dizeli haijazimwa moja kwa moja, nasema wazi, lakini hakuna anayesema tena kuwa kisiwa kama kile hakiwezi. Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe katika Pasifiki, vilihamia kwenye jua na betri mwaka 2012, tena huko hata uwanja wa ndege hakuna.

Unguja haina mlima wa volkano. Ina matangi ya maji. Pampu inayoendeshwa na jua mchana inajaza tangi, na usiku maji yanashuka yenyewe bila umeme wala betri ya mtu yeyote. Barafu ya wavuvi nayo inaweza kugandishwa mchana ikauzwa alfajiri.

Wengine huuliza mafundi watatoka wapi. Waende Kinyasini, hapa hapa Unguja. Kuna chuo pale ambako akina mama wa vijijini, wengi wao hawakusoma sana skuli, wanafundishwa kuunganisha mitambo ya jua ya majumbani, kisha wanarudi kwao kuifunga na kuitunza.

Siukatai waya wa bara. Mwaka 2013 Wamarekani walitugharimia mwingine wa megawati 100, na umetusaidia sana. Lakini lile bwawa la Mwalimu Nyerere, kwa ukubwa wake wote, halikuifanya bahari kuwa nyembamba. Umeme ukijaa bara, bado utaingia Unguja kwa mlango ule ule wa Fumba, na tumeshaona mlango ule ukifungwa.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 142, sehemu kubwa ikiwa mkopo, kwa sekta ya umeme ya Zanzibar, na ndani yake mna umeme wa jua na betri. Deni hilo litalipwa na watoto wetu, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza linakwenda wapi. Ombi langu kwa serikali ni kwamba vioo visianzie juu ya mapaa ya ofisi kwa ajili ya picha. Vianzie visimani. Kaskazi ijayo nataka kuona pampu ya mtaa wetu ikivuta maji mchana kutwa, hata kama Fumba umeme umekatika.