Mtoto Asifundishwe Kweli Mbili



Fungua daftari la Historia la mwanao utakutana na Zama za Mawe na Bonde la Oldupai. Katekista naye amemfundisha habari za Adamu na Hawa. Jioni mtoto anauliza: "Baba, nani anasema kweli?" Wazazi wengi, hapa Sombetini na kwingineko, hujibu: "Kwenye mtihani andika ya mwalimu, ila moyoni usiyaamini."

Jibu hilo linaonekana kulinda imani, kumbe linaibomoa. Linamzoeza mtoto kuandika asichokiamini ili apate alama. Na siku atakapoziona zana hizo kwa macho yake, atadhani kanisani ndiko alikodanganywa.

Maana zana hizo zipo, tena mkoani kwetu. Huko Oldupai, Ngorongoro, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959. Katika bonde hilo yamepatikana mawe yaliyochongwa kwa kugonganishwa, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.8. Baadhi yametoka kilima cha Naibor Soit, kilomita kadhaa kutoka yalipokutwa. Aliyeyabeba alikuwa na kazi ya kuyafanyia.

Je, Kanisa linayaogopa mawe hayo? Hapana. Miaka 9 kabla ya fuvu lile kupatikana, Papa Pius XII katika waraka wake Humani Generis wa mwaka 1950 aliruhusu wataalamu wachunguze chanzo cha mwili wa binadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 283, inatualika tuzipokee tafiti za namna hii kama sababu ya kumtukuza Muumba.

Kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa ili kutuhesabia miaka. Kinatufundisha nani ametuumba na kwa nini. Sura ya 2, aya ya 7, inasema tumetoka mavumbini na kwamba uhai wetu ni pumzi ya Mungu. Wachimbaji wa Oldupai wanachunguza mavumbi hayo. Pumzi ile hawawezi kuipata kwa sururu, wala hawakutumwa kuitafuta.

Basi mzazi, na wewe katekista, mtoto akiuliza msimkemee. Mwambieni kwamba mwalimu anamweleza jinsi mwanadamu alivyoishi zamani, na Kanisa linamweleza yeye ni wa nani. Likiwazidi, mleteni kwa paroko tuliongee pamoja. Jumamosi moja mpeleke Makumbusho ya Elimu Viumbe, pale kwenye Boma la zamani la Wajerumani mjini Arusha, na kesho yake mje naye Misa. Mungu ndiye asili ya kila ukweli. Swali la mtoto halimkasirishi.

Nawatakia Dominika njema.