Kidole Nje ya Kifyatulio: Nidhamu ya Uwanjani na Wajibu wa Nyumbani

Ndugu waamini, nanyi viongozi wa walei katika jumuiya, vigango na parokia zetu,

Tunapozungumza habari za silaha katika vikao vyetu, fikra zetu huwaelekea upesi majambazi, waasi na wakimbizi. Safari hii twawaomba mtufuate katika upande usiojadiliwa sana, yaani silaha ya mtu mwema. Twamaanisha bastola ya mtu mwenye leseni, asiye na kesi mahakamani, aipendaye kwa ajili ya mchezo au aiwekaye kwa ajili ya ulinzi wa nyumba yake. Je, kwa kuwa ameruhusiwa na sheria na anaishika kwa ustadi, jamii haina tena la kumwuliza?

Ili tulijibu swali hili kwa haki, tumechagua kuuangalia mchezo ambao pengine ndio unaomdai mshika bastola nidhamu kali kuliko yote: mashindano ya kulenga shabaha kwa vitendo. Tumeuchagua si kwa sababu ni mbaya, bali kwa sababu una mambo mengi mazuri, na hata hivyo uzuri huo haukutosha.

MCHEZO WENYEWE

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lijulikanalo kwa kifupi kama IPSC, liliundwa mwezi Mei 1976 katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, nchini Marekani. Rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper, aliyepata kuwa afisa katika jeshi la nchi hiyo. Wito wake ni maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, nayo yadai usahihi, nguvu na kasi kwa pamoja.

Katika mchezo huu mshindani hasimami mahali pamoja akilenga kwa utulivu. Hutoka mbio, hupiga magoti, huchungulia dirisha la ukuta wa mbao, hubadili magazini huku akitembea. Pointi azipatazo hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Risasi iliyopiga katikati ya shabaha humpa pointi 5, na risasi iliyokosa humkata pointi 10. Tena, kati ya shabaha za kupigwa huwekwa nyingine ambazo ni marufuku kuzigusa. Akiipiga mojawapo, hukatwa vilevile pointi 10. Hivyo kosa la kumdhuru asiyehusika, ijapokuwa ni kadibodi tu, hulipiwa mara mbili ya faida ya pigo bora kabisa.

Kanuni za usalama ni kali zaidi. Uwanjani hakuna atembeaye na bastola yenye risasi. Hujazwa mbele ya mwamuzi, kwa amri yake, na mshindani akimaliza huitoa risasi zote na kumwonyesha mwamuzi kwamba chemba ni tupu. Mahali palipotengwa kwa ajili ya kushika na kukagua bastola tupu, risasi haziruhusiwi kabisa. Anayekimbia, anayebadili magazini au anayeondoa risasi iliyokwama hana budi kukiweka kidole nje ya kifyatulio. Mtutu ukielekea nyuma kupita nyuzi 90 kutoka upande wa kulengea, au bastola ikimponyoka mkononi, au risasi ikitoka pasipo kukusudiwa, mshindani huondolewa mashindanoni siku hiyohiyo. Hajadiliani, wala sifa zake za zamani hazimwokoi. Bingwa na mwanafunzi hufungasha vitu vyao sawasawa.

Tukiri kwamba ni vyama vichache tulivyo navyo, vikiwemo vya kwetu wenyewe kanisani, ambamo mkubwa akikosa huambiwa aende nyumbani kama mdogo.

BASTOLA ILIYOREKEBISHWA

Liko jambo la pili, ambalo wapenzi wa mchezo huu hulizungumza usiku na mchana, nalo ni marekebisho ya vifaa. Bastola ya dukani hutengenezwa ili imfae kila mtu. Mshindani huitaka imfae yeye. Fundi huilainisha mitambo ya ndani ili kifyatulio kivutwe kwa nguvu ndogo. Mdomo wa magazini hupanuliwa ili ijazwe upesi, na magazini yenyewe hurefushwa ili ibebe risasi nyingi. Kwenye mdomo wa mtutu hufungwa kifaa cha kuielekeza juu hewa ya baruti ili bastola isiruke sana. Mahali pa alama za chuma za kulengea huwekwa kioo kidogo chenye nukta nyekundu, jicho lilenge kwa haraka zaidi.

Shirikisho halikuyaacha mambo hayo yaende ovyo. Liliyagawa mashindano katika madaraja. Katika daraja moja karibu kila rekebisho laruhusiwa. Katika daraja jingine bastola hubaki karibu kama ilivyotoka kiwandani, na kwa miaka mingi kanuni ilidai kwamba nguvu ya kuvuta kifyatulio kwa risasi ya kwanza isipungue kilo 2.27. Nguvu ya risasi nayo hupimwa kwa mitambo, na mwamuzi akiiona bastola yoyote kuwa si salama, kwa mfano ile itoayo risasi mbili kwa mvuto mmoja, huiondoa mpaka itengenezwe.

Kuna hekima hapa. Kila rekebisho huondoa kizuizi kidogo baina ya nia ya mtu na risasi. Kifyatulio kizito champa mtu nafasi ya kujirudi, ilhali kifyatulio chepesi hakimpi nafasi hiyo. Kwa hiyo ye yote airahisishaye silaha yake ajue kwamba ameiongeza kazi ya mkono wake na ya akili yake. Uwanjani, penye mwamuzi begani na ukuta wa udongo mbele, mzigo huo wabebeka. Bastola hiyohiyo ikilazwa chini ya mto, katika nyumba yenye watoto, mzigo huo hauna mtu wa kuubeba. Na kama iliyorekebishwa na fundi stadi ni hatari, je, ile iliyosuguliwa kwa tupa na mtu asiyeijua kazi?

YALIYOTOKEA UINGEREZA

Mwaka 1993 mashindano ya dunia ya mchezo huu yalifanyika Bisley, uwanja wa siku nyingi wa kulenga shabaha ulioko kusini mwa Uingereza. Wenyeji waliwapokea wageni kutoka mataifa mengi, na hapana aliyedhani kwamba baada ya miaka minne tu mchezo wao wa bastola ungekuwa umefungwa.

Tarehe 13 Machi 1996, katika mji mdogo wa Dunblane huko Uskoti, mtu mmoja aliingia katika ukumbi wa mazoezi wa shule ya msingi akiwa na bastola nne. Aliwaua watoto 16 wa miaka mitano na sita, pamoja na mwalimu wao, kisha akajiua. Bastola zake zote zilikuwa za halali. Alikuwa na cheti cha polisi, na alikuwa ameingia katika vyama vya walenga shabaha. Hatumtaji jina, kwa maana wanaostahili kukumbukwa ni wale watoto na mwalimu wao.

Uchunguzi uliongozwa na Jaji Lord Cullen, na taarifa yake ikatolewa Oktoba mwaka huohuo. Ilidhihirika kwamba mtu yule alikuwa amewatia watu wasiwasi kwa miaka mingi kwa namna alivyoendesha vikundi vyake vya wavulana. Mwaka 1991 afisa mmoja wa polisi aliandika akishauri kwamba suala la kumnyang'anya cheti lifikiriwe. Halikutekelezwa, na cheti chake kiliendelea kufanywa upya. Hakuna kanuni ya uwanjani iliyovunjwa. Kidole chake hakikuwa na kosa mbele ya waamuzi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, na ofisi ya kusikia.

Watu zaidi ya 700,000 walitia sahihi ombi la kutaka bastola zipigwe marufuku. Sheria mbili za mwaka 1997 ziliwazuia raia wa Uingereza bara, Wales na Uskoti kumiliki karibu bastola zote, kwanza zile kubwa, halafu na zile ndogo. Bastola zaidi ya 160,000 zilisalimishwa na wenyewe wakalipwa fidia. Tangu hapo, wapenzi wa mchezo huu nchini humo wamebaki kushindana kwa bunduki za aina nyingine.

HOJA ZA PANDE MBILI

Walenga shabaha walilalamika, nasi hatutaki kuyapuuza malalamiko yao. Walisema: tumetii kila kanuni, kwa nini tuadhibiwe kwa dhambi ya mmoja? Walisema pia kwamba jambazi haombi cheti, na kwa hiyo sheria haitamfikia. Ni kweli kwamba uhalifu wa bastola za magendo haukukoma kwa sheria ile.

Hata hivyo wazazi wa Dunblane nao walikuwa na hoja yao. Walisema kwamba mchezo, hata uwe mzuri namna gani, hauwezi kuwekwa mzani mmoja na uhai wa mtoto. Sisi twaona hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Haki ya kucheza ni haki ndogo. Inaweza kuondolewa kwa manufaa ya wote, na aliyeondolewa akabaki mtu kamili, lakini aliyeondolewa uhai harejeshewi kitu.

Lakini msimamo wetu hauishii kwenye kupiga marufuku. Kila nchi ina hali zake, na watu wenye nia njema waweza kutofautiana juu ya kiasi cha sheria kinachofaa. Tunalolisisitiza ni hili: usalama wa silaha hauko katika mkono peke yake. Mchezo ule uliweka mwamuzi wa kutazama kidole na mtutu, na aliifanya kazi yake vema. Haukuwa na mwamuzi wa kumtazama mtu anaporudi nyumbani. Kazi hiyo ni ya majirani, ya wanachama wenzake, ya ofisi itoayo cheti. Walipoiacha, nidhamu yote ya uwanjani haikuweza kuwalinda watoto wale, na watu wengi wasio na hatia wakapoteza mchezo wao juu yake. Anayenyamaza ili kumhifadhi mwenzake huwaponza wote.

SISI NA WAJIBU WETU

Kwetu Afrika Mashariki walenga shabaha wa mashindano si wengi, lakini wenye bastola za leseni wapo mijini na vijijini, na baadhi yao husali pamoja nasi. Nchini Kenya, Desemba 2018, serikali iliwaagiza wote wenye leseni wahakikiwe upya. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwombaji huanzia kwa viongozi wa mtaa au kijiji chake. Ni akina nani hao viongozi, kama si sisi wenyewe, wenyeviti, wazee wa baraza na wanajumuiya?

Basi, yatupasa tushike mambo manne.

Kwanza, tukiombwa kumshuhudia mtu kwamba ni mwenye tabia njema, tusitie sahihi kwa haya wala kwa kahawa. Mtu ampigaye mkewe, au alewaye akatishia watu, au aliye katika ugomvi wa shamba na nduguye, hafai kupewa bastola hata awe mfadhili wa ujenzi wa kanisa.

Pili, mwenye silaha aishike nyumbani kama mshindani aishikavyo uwanjani: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi mpaka ithibitishwe kuwa ni tupu, mtutu usielekezwe kamwe mahali ambapo hatapenda kupaharibu, kidole kikae nje mpaka shabaha imelengwa, na ajue kilichoko nyuma ya shabaha. Zaidi ya hayo, silaha ifungiwe kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine.

Tatu, ukaguzi na matengenezo viachwe kwa fundi aliyeruhusiwa na sheria. Na risasi za kushangilia harusi au mwaka mpya zikome. Risasi iliyopigwa juu hurudi chini, na hakuna ajuaye itaangukia paa la nani.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, tumwendee mwenzetu mapema. Mtu aliyefiwa, aliyefilisika, aliyeachwa na mkewe, au aliyeanza kuzungumza habari za kujiua au kulipiza kisasi, aendewe na watu wawili anaowaheshimu, wamwombe aikabidhi silaha yake polisi mpaka moyo utulie. Akikataa, polisi waelezwe. Hilo si fitina. Kaini alipoulizwa habari za nduguye alijifanya kwamba kumlinda si kazi yake, nasi twajua jibu lile lilipokelewaje.

Mwamuzi wa mchezo tuliousimulia hungoja kosa la nyuzi chache tu, kisha humwambia mshindani asimame. Humwambia akiwa bado hajamdhuru mtu, na ndiyo maana humwambia. Ndugu waamini, hilo ndilo tuwaombalo mlipeleke katika jumuiya zenu juma hili: mwulizane ni nani kati yenu anayepaswa kuendewa, na ni nani wawili watakaokwenda.