Habari za Nyumbani: Mume na Mke Waliofundisha Korea

Walimu wengi Wakristo wamepata kujiuliza hivi: Mwanafunzi ajapo kwetu kwa kutaka Kiingereza tu, wala hana haja ya neno la Mungu, tumtendeje? Mwezi huu twawaletea habari za watu wawili waliokutana na jambo hilo mbali nasi sana, katika nchi ya Korea.

Bwana Henry Appenzeller, mtu wa Pennsylvania katika Marekani, alifunga ndoa na Bibi Ella Dodge mwezi wa Desemba 1884. Hawakukaa sana kwao. Walipanda merikebu mjini San Francisco, wakapitia Japani, na siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili 1885, wakashuka bandarini Chemulpo, ambayo leo huitwa Incheon. Lakini katika mji mkuu wa Seoul palikuwa bado na hofu kwa sababu ya maasi ya Desemba iliyopita, na Bibi Ella alikuwa mja mzito. Wakashauriwa wasipande kwenda mjini. Basi wakarudi Japani wakangoja, kisha wakaja mara ya pili katikati ya mwaka. Mwezi wa Novemba binti yao Alice akazaliwa Seoul. Akina mama msomao haya, hamhitaji kuelezwa na sisi jinsi safari zile zilivyokuwa kwa mke wa ujana wake, asiye na mama wala dada karibu.

Siku zile kuhubiri Injili hadharani hakukuwa na ruhusa katika Korea. Kufundisha na kuponya wagonjwa kuliruhusiwa. Kwa hiyo Bwana Appenzeller alianza na wanafunzi wawili tu, akawafundisha Kiingereza. Shule ikakua, na Mfalme Gojong mwenyewe akaipa jina la Pai Chai, maana yake ni nyumba ya kulea watu wa kufaa.

Je, vijana wale walitaka nini? Bwana Appenzeller ameandika bila kuficha kwamba ukimwuliza Mkorea sababu ya kujifunza Kiingereza, karibu kila mara atajibu kwamba ataka kupata cheo. Hakuwafukuza kwa neno hilo, wala hakuwapunja masomo waliyoyajia. Hilo twaliona kuwa jema, kwa maana mwalimu aahidiye Kiingereza kisha akafundisha kitu kingine, amedanganya, hata kama kitu hicho ni kitakatifu. Maskini asiye na fedha za shule hakupewa sadaka, bali alipewa kazi. Na wengine walifanya kazi kwenye mtambo wa kupiga chapa wa shule. Na neno kuu la shule lilichukuliwa katika Injili ya Mathayo, lile la kwamba atakaye kuwa mkubwa na awe mtumishi. Vijana waliokuja kutafuta ukubwa walilikuta hapo.

Matunda yake hayakufanana. Katika Julai 1887 mwanafunzi mmoja alibatizwa. Mwingine, Syngman Rhee, alikuja kwa ajili ya Kiingereza, na dini hakuitaka kabisa. Mwaka 1897, siku ya kufunga masomo, alitoa hotuba kwa Kiingereza. Alimwamini Kristo baadaye, alipokuwa amefungwa gerezani. Mwaka 1948 akawa Rais wa kwanza wa Korea ya Kusini, na cheo kile akakishikilia mno, hata wananchi wakamwondoa mwaka 1960 baada ya uchaguzi wa hila. Basi mwalimu asijisifu upesi kwa ajili ya mwanafunzi wake, wala asimkatie tamaa upesi.

Bwana Appenzeller alikuwa pia katika kazi ya kufasiri Biblia kwa Kikorea. Mwezi wa Juni 1902 alisafiri kwa meli kwenda Mokpo kukutana na wafasiri wenzake. Usiku meli mbili ziligongana, naye akafa maji, umri wake miaka 44. Bibi Ella akabaki mjane mwenye watoto wanne.

Mwana wao Henry baadaye akawa mkuu wa Pai Chai. Alice naye akarudi Korea kufundisha, akaongoza chuo cha wanawake cha Ewha. Alifariki Seoul katika Februari 1950, akazikwa Yanghwajin, kando ya mto Han, katika mji ule ule alimozaliwa.